Ng'ombe wa Milepa na Jicho la Greda

Sogea karibu, mwanangu, na hiyo simu ilaze kifudifudi kidogo. Najua ndiyo unayopigia video zako, na najua ina akili kuliko mashine niliyobeba mimi begani miaka yote ile kama mtungi wa maji. Sikuiti nikuambie zamani kulikuwa kuzuri. Zamani kulikuwa na baridi na betri zilikuwa zinakufa. Nakuita nikusimulie namna bondia mmoja mkubwa, ng'ombe mmoja na kiazi kimoja cha moto walivyonifundisha kazi.

Kamera ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Salum, mwenye maduka na malori hapa Sumbawanga mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia kutoka kila upande na kila mtu aliyekuwa na baiskeli akajiita mfanyabiashara. Mzee Salum akarudi safari na mzigo wa redio, vyombo vya plastiki na boksi moja lenye kamera ya video. Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu cha maelekezo ambacho hakuna aliyeweza kukisoma, hata yule mwalimu wa sekondari aliyekuwa akijisifu kwa lugha. Mimi nilikuwa nimepanda kutoka Kasanga, kule ziwani, nauza vitenge katika duka lake.

"Leti," akaniambia, "wewe una vidole vyembamba. Bonyeza."

Basi nikabonyeza. Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Harusi ya kwanza niliyopiga, watu wote walitoka rangi ya bluu, pamoja na padri. Sikujua kwamba lazima kwanza uielekeze kamera kwenye kitu cheupe ili ijue weupe ni nini. Mama wa bibi harusi alipoona mkanda akasema tu, "Ndiyo, siku ile kulikuwa na baridi kali." Mungu ambariki mama yule. Angesema lingine, leo ningekuwa bado nauza vitenge.

Baridi ya Ufipa huku juu nayo ilikuwa mwalimu. Ukiamka alfajiri mwezi wa saba, betri iliyojaa inakwambia imekwisha. Nilikuwa naiweka kifuani, ndani ya kitenge, kama mtu anayelea kifaranga. Wanaume wa kwenye harusi walikuwa wanageuza macho kwa heshima kila nilipobadilisha betri. Hata simu yako, mwanangu, ukiwa nje asubuhi ya baridi, iweke karibu na mwili. Hilo halijabadilika.

Sasa nikueleze jambo la mikanda, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Mikanda ya video ilikuwa adimu na Mzee Salum alikuwa na mkono mzito. Tukimaliza harusi, tunawapa wenyewe nakala, na mkanda wa kwanza tunaurekodia juu tena. Harusi juu ya kipaimara, kipaimara juu ya mkutano wa mheshimiwa. Kwa hiyo nilijizoeza hivi: nikimaliza kazi, nafunika lenzi na kuacha mashine iendelee kurekodi giza kidogo, ili mtazamaji asiruke ghafla kutoka kwa marehemu kwenda kwa wacheza muziki. Iliwahi kutokea. Familia ile hainisalimii mpaka leo.

Katika mikanda yote niliyofuta, mmoja uliniuma. Nilikuwa nimeshuka bondeni, Milepa, kwenye harusi ya familia moja ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini magharibi. Sherehe imenoga, keki imewekwa mezani, dume la ng'ombe likakata kamba na kuingia chini ya turubai. Mpambe wa bwana harusi, kijana wa mjini aliyekuwa akitamba na tai yake tangu asubuhi, alipanda juu ya meza na kukanyaga keki. Bwana harusi alijificha nyuma ya mchungaji. Bibi harusi, binti aliyekulia zizini, akainua shela lake, akamshika dume pembe, akamsemesha kidogo kwa lugha ya kwao na kumtoa nje. Kisha akarudi kuketi na kuuliza, "Tuliishia wapi?" Mzee Salum aliposema mkanda ule ufutwe, nilimwomba mara nyingi. Akanijibu, "Ng'ombe ninao wengi, kule bondeni Kaoze. Mkanda mwingine sina."

Mkanda huo ndio alionipa siku nilipoenda kumpiga picha Greda.

Greda alikuwa Deogratias, mtoto wa hapahapa juu, aliyebeba magunia bandarini Kasanga mpaka mabega yake yakawa kama ukingo wa barabara. Jina alipewa na wapakiaji wenzake, kwa kuwa, kama mbele ya greda la barabara, kilichosimama mbele yake kilisawazishwa. Alipoingia kwenye ndondi alipigana Mbeya, akapigana Dar es Salaam, na redio ilipotangaza kwamba kashinda, watu wa Sumbawanga walitembea mjini wiki nzima kana kwamba wao wenyewe ndio waliopiga. Vinyozi walikuwa na picha yake ukutani. Akina mama wa sokoni walikuwa na kitunguu walichokiita Greda.

Mzee Salum alipanga pambano. Bondia kutoka Zambia angekuja kupigana na Greda kwenye uwanja wa mpira. Ili kuwapandisha watu moto, alitaka filamu ya maisha ya Greda ionyeshwe kwanza kwenye banda lake la video.

"Nataka maisha yake halisi," akaniambia. "Anavyokimbia, anavyokula, anavyompenda mkewe. Lakini asikae sana na mkewe. Watu wanataka misuli."

Nikaenda na stendi ya kamera, na betri kifuani.

Siku ya kwanza ilinitesa. Namwambia, "Deo, angalia kamera," anaangalia mti. Nahama niende kwenye mti, anaangalia niliposimama mwanzo. Nilidhani ni maringo ya watu maarufu. Mjini walikuwa wameshaanza kusema hivyo: Greda siku hizi anaringa, unampungia mkono barabarani anapita kama gari la serikali. Akipiga gunia la pumba alilolitundika nyuma ya nyumba, alilipiga vizuri sana, lakini kwanza aligusa kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayeuliza hodi. Nikasema moyoni, huo ni ufundi. Nikausogelea kwa lenzi. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu.

Jioni nikaingia jikoni kwa mkewe, Skola. Hii ndiyo faida ya kamera kubebwa na mwanamke: kamera ya mwanaume inaishia sebuleni. Skola alikuwa mcheshi, mfupi, mwenye ulimi wa kukata majani. Nikaona jambo moja. Kabla ya kumwekea mumewe kikombe cha chai, anakigonga kwenye kisahani. Akiweka sahani ya ugali wa ulezi, anagonga meza upande wa mboga. Akiweka kigoda, anakiburuza chini kwa kelele.

Mimi nimetoka ziwani. Nilidhani hiyo ni adabu ya ukoo wao huku juu. Basi na mimi, kwa heshima, nikaanza kugonga. Nagonga kikombe, nagonga kijiko, naburuza kigoda. Skola akaniangalia, akajifunika kanga mdomoni, mabega yakimtetemeka.

"Wifi," akasema, "wewe unagonga nini?"

"Si ndivyo mnavyofanya?"

Akacheka mpaka akaketi chini. Halafu kicheko kikakatika, akawa anafuta macho kwa upindo wa kanga, na macho yakawa hayakauki.

"Muulize mwenyewe," akaniambia. "Mimi nimeapishwa."

Kesho yake asubuhi nikasimamisha kamera kwenye stendi pale jikoni, mahali penye mwanga wa mlango. Deo akaketi kwenye kigoda chake. Skola alikuwa amenipa viazi vya kuchemsha, na kwa kuwa nilikuwa na njaa ya tangu jana nilikitia kiazi kizima mdomoni huku nikimwuliza, "Deo, sasa hivi unaona nini?"

Kiazi kilikuwa cha moto.

Nilikuwa mpiga picha wa harusi, mwanangu. Katika harusi ukimwuliza mtu swali na akachelewa kidogo, unamsaidia: "Una furaha, siyo? Eeh? Sema una furaha." Siku ile nisingenyamaza kwa hekima yoyote. Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa unaungua. Machozi yananitoka, siwezi kumeza, siwezi kutema mbele ya mkewe. Na Deo, aliyesikia tu kwamba niko kimya, akadhani namsubiri.

Akasema, "Naona mlango. Ule mweupe ni mlango. Wewe nakuona kama gunia lililovaa kilemba."

Nikaendelea kupambana na kiazi.

"Jicho la kushoto limekufa tangu lile pambano la Dar. La kulia linaona kama mtu aliye ndani ya chandarua. Nikiingia penye giza sioni kitu. Watu wananisalimia barabarani, siwajui mpaka waseme. Wakipunga mkono tu, mimi nitajuaje? Wanasema naringa. Nimewaacha waseme, maana maringo ni sifa."

Skola akagonga kikombe, akakisogeza. Deo akakishika bila kunywa.

"Daktari alisema niache. Nikiacha leo, hili la kulia linabaki hivi lilivyo. Nikipigwa tena kichwani, na lenyewe linakwenda. Yule Mzambia nimeambiwa ana mkono wa kulia mrefu. Mimi ngumi ya mkono wa kulia, inayokuja upande wa jicho lililokufa, naiona ikishafika." Akacheka kidogo. "Skola ananiambia kawaambie watu. Nitawaambiaje? Mtu ukijiondoa kwenye pambano huku kwetu, wajukuu zako wataitwa wajukuu wa mkimbia ngumi. Nikasema bora nipigane. Usiku nalala, naota naona vizuri, nakimbia kwenye majaruba ya mpunga, namwona kila mtu sura. Nikiamka naogopa. Mimi, Greda, naogopa ngumi. Andika hivyo, dada Leti. Au mashine yako haiandiki?"

Akasimama, na mara hiyohiyo taa ndogo nyekundu ya kamera ikazima. Betri imekufa. Ile tabia yangu ya kufunika lenzi na kurekodi giza sikupata nafasi ya kuifanya.

Nilipomeza kile kiazi nikamwuliza kama nifute.

"Usifute," akasema. "Mdomo wangu hautasema hayo mara mbili. Huo mkanda useme kwa niaba yangu, mbele ya Mzee Salum na watu wote. Mimi nitakaa tu."

Skola akaweka mkono begani pake. Hakugonga chochote.

Jumapili mchana, baada ya ibada, banda la Mzee Salum lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha, juu ya mablanketi yaliyozuia mwanga. Jenereta linanguruma nje. Televisheni juu ya meza, na spika mbili kubwa kama makabati, moja kila upande. Deo na Skola waliwekwa benchi la mbele. Mimi nilikuwa mbele pale pembeni, karibu na deki ya kuchezea mkanda, ambao Mzee Salum mwenyewe hakuwa ameutazama kabla.

Mbio zilipoonyeshwa, watu wakashangilia. Gunia la pumba lilipopigwa, vijana wa nyuma wakaita, "Greda! Sawazisha!" Kisha kikaja kigoda, jikoni, na sauti ya Deo.

Kwanza minong'ono. Kisha mmoja akapaza sauti kutoka gizani: "Aa, wapi! Anaigiza huyo!"

"Mshikaji kama sinema!"

"Tumekuja kuona ngumi, hatukuja msibani!"

Na Mzee Salum, mfanyabiashara aliyezaliwa na kukulia katika biashara, akaona nafasi yake. Akaruka mbele, akasimama kati yangu na deki, tumbo limeziba vitufe vyote.

"Jamani, tulieni! Mmeelewa lakini? Mkanda huu nautuma Zambia kesho! Yule bwana akiuona atakuja hapa anatembea kama anakwenda sokoni. Kipofu! Anaogopa! Halafu Greda anamfanya nini?"

"Anasawazisha!" banda zima likajibu, na makofi yakapigwa mpaka mabati yakalia.

Akamwinamia Deo, akampiga begani. "Umeniua, mwanangu! Hiyo akili umeitoa wapi?"

Nilimwangalia Deo. Alikuwa amesema. Alikuwa amesema yote, kwa mara moja aliyoiweza, na watu walikuwa wanamshangilia kwa kutoyasikia. Pambano sasa lilikuwa limekaza kuliko mwanzo. Skola aligeuka kuniangalia. Mimi nilikuwa nahangaika kupita chini ya kwapa la Mzee Salum nizime mashine, kwa sababu kwenye televisheni Deo alikuwa anasimama kutoka kwenye kigoda, na nilijua kilichokuwa chini ya mkanda ule.

Nilichelewa. Kigoda kikapotea, na banda zima likajikuta Milepa.

Dume la ng'ombe likaingia chini ya turubai. Spika ya kushoto ikatoa mlio wa dume, ule wa kutoka tumboni, na mayowe ya wanawake, na vyombo vikianguka. Mpambe akapanda kwenye keki. Watu walicheka kicheko ambacho sijakisikia tena, mmoja akaanguka kutoka dirishani na blanketi lake.

Deo alikuwa ameshasimama.

Alimvuta Skola nyuma yake kwa mkono mmoja. Akainua ngumi, akainamisha kidevu, akaikabili ile spika ya kushoto.

"Skola, kaa nyuma yangu!" akasema. "Ng'ombe kaingia! Jamani, tokeni upande huo!"

Watu wakacheka zaidi. Greda na vituko vyake! Spika ikalia tena. Deo akapiga hatua moja mbele, akanyoosha mkono wa kushoto, taratibu, akiutafuta uso wa ng'ombe hewani kama anavyouliza hodi kwenye gunia. Kidole chake kikagusa mbao ya spika. Akaipapasa. Hakuelewa.

Kicheko kikaanza kufa kutoka benchi la mbele kwenda nyuma.

"Deo," Skola akasema, na kufikia hapo mtu angeweza kusikia jenereta tu. "Deo, ni video. Ng'ombe yuko kwenye video. Kaa chini, baba."

Deo akabaki ameshika ile spika. Uso wake ulikuwa unatazama ukutani, televisheni ikiwa ubavuni mwake, bibi harusi wa Milepa akimsemesha dume wake.

Mzee Salum alijigeuza mwenyewe akazima mashine.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nimekuambia, Mzee," Deo akajibu. "Ukacheka."

Mtu alivuta blanketi moja dirishani, mwanga ukaingia. Mzee Salum akashika ukingo wa meza.

"Pambano hakuna," akawaambia watu. "Nitatangaza kwamba ulingo haujafika."

"Hapana," Deo akasema. "Sema macho."

Mzee akaachia ule ukingo wa meza. "Nitasema macho."

Kutoka nyuma kijana mmoja, na nadhani ni yuleyule aliyesema tumekuja kuona ngumi, akauliza kwa upole, "Sasa sisi tuangalie nini?" Mzee Salum akamtazama, akamtazama Deo, akasema, "Mngependa kumalizia harusi?" Deo ndiye aliyecheka kwanza. Mashine ikawashwa tena; Deo akaketi, akamwambia mkewe, "Nisimulie." Na Skola akamsimulia ng'ombe yule kwa sauti, kwa ule ulimi wake, na mwisho watu walikuwa hawatazami televisheni tena. Walikuwa wanamsikiliza yeye.

Tangu wiki ile mji ulibadili tabia bila kuagizwa na mtu. Watu wakaacha kumpungia Greda mkono. Wakaanza kumwita: "Greda, ni mimi Mussa wa baiskeli." "Greda, shikamoo, ni mama wa vitunguu, kisaga changu cha mahindi kiko hapa." Maana Mzee Salum alimweka kwenye mashine yake ya kusaga, na Deo alikuwa anajua kwa mlio wa jiwe kama mahindi yamebaki kidogo au yamekwisha. Jicho la kulia limebaki hadi leo na chandarua chake. Nikienda kumsalimu, huniambia, "Karibu, gunia langu lenye kilemba." Skola bado anagonga vikombe. Na mimi, nikifika, nagonga.

Nimeona video zenu, wewe na wenzako. Ni safi kuliko zangu na hakuna mtu wa bluu. Lakini mnauliza swali na kulijibu wenyewe, na mtu akitaka kusema la moyoni mmeshahamia kwa mwingine. Hilo si kosa la kifaa, na linarekebishika.

Kwa hiyo ichukue hiyo simu sasa. Angalia kama ina nafasi na chaji. Nenda kwa mtu mmoja unayedhani unamjua, mkalishe penye mwanga wa mlango, muulize swali moja fupi, kisha nyamaza, na ukiona huwezi, jitie kiazi mdomoni. Usizime mpaka asimame mwenyewe. Na atakachokuambia, mwamini siku hiyohiyo.